Udongo Ndani ya Chesisi

Chesisi ya Land Rover ya zamani ni sanduku refu la chuma, na sanduku hilo hula udongo. Matope huingia kwenye matundu ya chini, hukauka humo, masika yanayofuata huleta mengine, na kadiri miaka inavyopita yale ya awali hukandamizwa hadi kuwa magumu kama saruji. Anayekata kipande kilichooza hukuta tabaka juu ya tabaka. Katika yangu, Series IIA ya mwaka 1964, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, tabaka la juu lilikuwa jekundu, udongo wa Karatu na mashamba yake. Chini yake palikuwa na mweusi wa mbuga, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Chini kabisa ulikuwapo unga wa kijivu, mwepesi, wenye chembe zinazokwaruza vidole. Aliyewahi kusimama kwenye uwanda wa nyasi fupi kusini mwa Serengeti anaujua unga huo. Ni majivu yaliyotapikwa na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na mlima Ol Doinyo Lengai bado unayaongeza.

Kadi ya gari haikunisaidia. Wamiliki wanaosomeka humo wanaanzia mwaka 1984, kwa hiyo miaka ishirini ya kwanza haina mwenyewe. Namba ya chesisi iliyogongwa mbele, upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikiliwa, ilinithibitishia aina na toleo, basi. Mengine yote nilipaswa kuyatafuta kwenye chuma chenyewe. Nikalivua gari nguo uwani kwangu, nje kidogo ya Arusha, paa kwanza, kisha milango, mabawa, sakafu, mpaka ikabaki chesisi juu ya stendi nne za chuma. Nasisitiza stendi za chuma. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa, na mtu yuko chini.

Ili kuelewa nilichokikuta, inabidi kurudi Uingereza ya mwaka 1947. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Spea zake zilikuwa taabu. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo, wakaamua kutengeneza gari lao la shamba, na inasimuliwa kwamba umbo lake la kwanza lilichorwa kwenye mchanga wa Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948 lilionyeshwa Amsterdam. Injini yake ilikuwa ya petroli, sentimita za ujazo 1,595, iliyochukuliwa kutoka kwenye gari la kawaida la kampuni hiyo.

Ilikuwa nchi ya dhiki. Uingereza ilitoka vitani na madeni, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Kiwanda kilichouza bidhaa nje ndicho kilichosikilizwa. Alumini ndiyo iliyopatikana kwa wingi, kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, mchanganyiko wa alumini na magnesi, na magari ya mwanzo yakapakwa rangi ya kijani iliyosalia kwenye maghala ya jeshi. Mashine kubwa za kukandamiza chuma zilikuwa ghali mno, basi wakakata vibamba bapa na kuvichomelea pembeni hadi vikawa sanduku la chesisi. Bodi ikabuniwa kwa mistari iliyonyooka ili mikunjo yake iwezekane kwa vifaa vyepesi. Wenyewe walilihesabu kuwa gari la kuvukia miaka ya shida tu, halafu warudi kwenye magari yao ya kifahari.

Uamuzi huo wa kiwanda cha Solihull niliushika kwa mikono yangu. Alumini na chuma vikikutana mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa; hugeuka unga mweupe, ukiigusa kwa bisibisi inabomoka. Kila mahali ambapo bati la bodi lilikaa juu ya bano la chuma palikuwa na unga huo. Dawa yake ni kutenganisha metali hizo mbili: kupaka praima pande zote, kuweka gundi ya kuziba au mpira mwembamba katikati, na kutumia riveti za alumini panapofaa. Kazi hiyo inachosha na haionekani gari likishafungwa. Lakini upande wa pili wa uamuzi uleule ndio uliolifanya gari hili lidumu kwetu. Chesisi ya vibamba bapa haihitaji kiwanda. Fundi yeyote mwenye msumeno wa chuma na mashine ya kuchomelea anaweza kukata kipande kilichooza na kuweka kingine, na mstari ukabaki umenyooka. Waingereza walibuni gari la watu wasio na vitu, kwa sababu wakati ule wao wenyewe hawakuwa navyo, na miaka thelathini baadaye likawafaa watu wengine kabisa.

Tanganyika gari hili lilifika mapema, likaenda moja kwa moja kule kusiko na barabara. Picha za Serengeti ya miaka ya 1950 zimejaa sura yake. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliokuja kutoka Frankfurt kuhesabu wanyama kwa ndege, waliipaka ndege yao milia ya pundamilia, na Land Rover yao vilevile. Hesabu yao ya mwaka 1958 ilifikia wanyama wakubwa 366,980. Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959 ndege ilipogongana na tai, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyopiga huko ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Bondeni Oldupai, tarehe 17 Julai mwaka uleule wa 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona meno ya fuvu la zamadamu yaliyochomoza kwenye mteremko. Mumewe Louis alikuwa kambini na homa, Mary akapanda Land Rover kurudi mbio kumweleza. Fuvu lile, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Kwenye njia hizohizo za vumbi yalipita mambo mengine ambayo watalii huelezwa kwa nadra. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe hifadhi ambamo wafugaji wangeruhusiwa kuishi. Maofisa waliobeba karatasi zile walipanda magari ya aina hii. Anayelipenda gari hili, kama mimi ninavyolipenda, anapaswa kulipenda akilijua lote, pamoja na abiria liliowabeba.

Kuna jambo linaloniuma ninaposoma vitabu vya kipindi kile. Mwenye kuhesabu nyumbu anatajwa, mwenye kuchimba mifupa anatajwa, mwenye kupiga picha anatajwa. Aliyelala chini ya gari usiku akibadilisha shafti ya nyuma iliyokatika, ugonjwa mashuhuri wa magari haya, jina lake ni nadra kulikuta. Bila yeye wote wale wangerudi Arusha kwa miguu.

Hapo ndipo ninapofika mwaka 1977, ambao kwa gari langu ni mwaka mkubwa kuliko 1948. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Kwa Arusha hilo lilikuwa pigo la karibu sana, kwani Nairobi, mji wenye maduka ya spea na mawakala, uko safari ya saa chache tu kupitia Namanga. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, vita vikaanza. Mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na kibali cha kuagiza pampu ya breki kikawa kitu cha kuombea. Magari mengi yalisimama. Yaliyoendelea kutembea yalitembea kwa akili za watu.

Akili hizo nilizikuta moja baada ya nyingine. Chini ya milango, mahali chuma kilipokuwa kimekwisha, fundi alikuwa amechonga ubao wa mninga kwa kipimo kamili na kuupiga skrubu, ulikuwa mzima. Bushi za springi zilikatwa kutoka kwenye tairi la lori. Gasketi ya kifuniko cha vali ilikuwa karatasi ngumu ya boksi iliyolowekwa kwenye grisi. Chesisi upande wa kushoto, nyuma ya kiti cha dereva msaidizi, iliongezewa pembe ya chuma yenye urefu wa mkono, na mshono wake ulilala kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Nilimpelekea picha mzee mmoja wa Arusha aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji za mjini miaka ile. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani.

“Huu mkono wangu,” alisema kabla sijauliza.

“Umejuaje, mzee?”

“Mimi ni wa kushoto, mwanangu. Tazama mawimbi ya mshono yanavyolala. Mwenzangu wa kulia angeanzia huku.” Akaendelea kuangalia. “Rodi za kuchomelea tulizihesabu. Ndiyo maana unaona nimeshika hapa, nikaruka, nikashika pale. Ila nilipiga pembe ndani na nje, kwa hiyo haitaachia.”

Haikuachia. Niliigonga kwa nyundo mbele yake alipokuja uwani kuliona, na chuma kikatoa sauti safi. Alinionyesha jani la tatu la springi ya nyuma kulia, akasema limetoka kwenye lori la Bedford, likapunguzwa na kukunjwa upya kwa mhunzi. Alilikumbuka kwa sababu mhunzi huyo alilitaka kwa ajili ya mapanga, wakabishana. Kisha akalala ubavuni, akamulika boksi ya gia, akanyamaza kidogo. Karibu na nati ya kutolea oili kulikuwa na nukta nne zilizogongwa kwa patasi, zimepangwa mraba.

“Hiyo si yangu. Hiyo ni ya mtu wa Musoma. Alikuwa gereji ya Seronera, kule Serengeti. Kila boksi aliyoifungua aliiweka alama, ili ikirudi ajue ni yeye.”

Kwa alama hiyo nikapata uthibitisho wa kwanza kwamba ule unga wa kijivu haukunidanganya.

Sasa ikabidi niamue, na uamuzi huu ndio moyo wa kazi yote ya kulirejesha gari kuukuu. Wapo watu, Ulaya na hata hapa, wanaolirudisha gari lifanane na siku lilipotoka kiwandani: bolti ya aina ileile, rangi ileile, hata alama za chaki za mkaguzi. Nawaheshimu. Bila wao tusingejua vitu vingi. Lakini gari lililokaa kiwandani siku chache na Tanzania zaidi ya nusu karne, ukilirudisha Solihull unafuta maisha yake. Mshono wa fundi wa kushoto ni historia ya Februari 1977 zaidi kuliko kumbukumbu nyingi zilizopigwa chapa. Nilikataa kuufuta.

Hilo halimaanishi kubakiza kila kitu. Breki hazina mjadala. Nilikuta raba za silinda za magurudumu zimekatwa kutoka kwenye mpira wa bomba, kazi ya ustadi, na nikazitupa siku hiyohiyo. Mabomba yote ya breki ni mapya, silinda ni mpya, na vumbi la ndani ya ngoma nililiosha kwa maji na sabuni badala ya kulipuliza, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani vina asbesto na vumbi lake huua mapafu. Tangi la petroli lililo chini ya kiti nililitoa na kulipeleka mbali kabla cheche yoyote haijaruka. Chuma cha mwisho cha chesisi, kile cha nyuma kinachobeba ndoano ya kuvutia, kilikuwa kimebaki ganda, kikabadilishwa chote. Sehemu za miguu za ukuta wa mbele, zile zinazokuwa za kwanza kuoza, zilikatwa na kushonwa upya. Nyaya nilibadilisha zote pia. Mpira wake ulikatika kwa kuguswa.

Injini, ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ilihitaji kidogo kuliko nilivyohofia. Ringi, beringi, kusaga vali, kusafisha kabureta. Ni injini ya mgandamizo mdogo, iliyokusudiwa petroli ya ovyo, na inavumilia. Tatizo kubwa lilikuwa zile bakuli mbili za mviringo za mbele, zinazoruhusu magurudumu kukata kona. Kutu ikishatoboa uso wake, oili inavuja hata uweke sili mpya ngapi, na hapo hakuna ujanja ila kununua nyingine.

Ubao wa mninga umebaki milangoni. Jani la Bedford limebaki. Pembe ya chuma imebaki, nimeipaka rangi ya kuzuia kutu bila kuisaga. Nilipokwangua bodi nilikuta kijani, halafu krimu, halafu buluu. Nimelipaka kijani, ila ndani ya boneti nimeacha ukanda wa upana wa kiganja unaoonyesha rangi zote kwa zamu yake.

Kisha tukaondoka na mzee kufuata njia ya gari hilo, Arusha hadi Seronera, zaidi ya kilomita 300. Gia ya kwanza na ya pili za gari hili hazina kifaa cha kulinganisha mwendo, kwa hiyo ukishuka gia unakanyaga klachi mara mbili, katikati unagusa mafuta kidogo, la sivyo meno yanalia. Makuyuni, Mto wa Mbu, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Karatu: siku hizi yote ni lami. Mzee alikuwa akinionyesha mahali walipokuwa wakilala masika, magari yamepangana, kila mmoja akingoja udongo ushike. Alizitaja sehemu hizo kwa majina ya magari yaliyokwama.

Lami iliishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Baada ya hapo ndipo gari lilipostarehe. Tulisimama kwenye kaburi la Michael Grzimek, piramidi ndogo ya mawe, ambapo baba yake aliwekwa pia baada ya kufariki mwaka 1987. Kwenye mteremko wa kuelekea Malanja nilivuta kijiti chekundu nyuma, gia nzito na magurudumu yote manne vikashika pamoja, na injini ikalizuia gari bila mguu kugusa breki. Njia nzima tulipishana na Land Cruiser za watalii. Zilishika soko hili kwa haki, kwa sababu zilikuwa imara na spea zake zilipatikana. Hata hivyo, Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalipoandamana Arusha, watu walijaa barabarani kuyatazama, na mengi yalikuwa bado kazini: ya mashamba, ya shule, ya parokia.

Kupita Oldupai vumbi la kijivu likaanza kuingia kupitia kila tundu, na wanyama wakawa wengi. Siku hizi nyumbu peke yao hukadiriwa kuzidi milioni moja. Seronera tulimpata dereva mmoja mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe. Alilizunguka gari, akachuchumaa nyuma, akaomba tochi. Nukta nne alizijua kabla ya mzee kumweleza. Alisema magari kadhaa ya hifadhi yalihamishiwa ukanda wa magharibi, upande wa Mto Grumeti, miaka ya 1970, na boksi za gia zilikufa sana huko kwa sababu ya udongo mweusi. Wakati wa masika udongo huo ulikuwa unafika sakafuni. Fundi wa nukta nne alihamia huko na magari hayo. Alipoacha kazi alifungua kibanda Bunda, barabara ya kwenda Musoma.

“Yuko hai?” mzee aliuliza.

“Mwaka juzi alikuwa hai. Macho ndiyo yamemchosha.”

Tulitaka kuendelea kesho yake hadi lango la Ndabaka, kuelekea Bunda, lakini mvua ilikuwa imenyesha magharibi na askari wa hifadhi wakatushauri turudi. Tutakwenda Juni, njia ikikauka. Mzee ameshampigia simu mtu wa Bunda kupitia mjukuu wake, wamezungumza muda mrefu kuhusu boksi za gia na watu waliokufa, na fundi huyo ametuma ujumbe mmoja kwangu: tusiifungue boksi ile kabla hajaigusa, kwa sababu gia ya tatu aliitoa kwenye gari lingine na anakumbuka ni lipi.